Milimita Kumi na Tatu

Jumanne, Machi 4

Leo nimeambiwa moyo wangu ni mnene. Si mimi, ni moyo. Mimi nina kilo arobaini na tisa nikiwa na viatu.

Kiwanda cha nyuzi huwapima wakimbiaji wake kabla ya kutia sahihi mkataba wa mwaka. Wenzangu walilala kitandani mmoja mmoja, wakapakwa ile dawa baridi kifuani, wakapigwa picha ya moyo, wakaamka na kuvaa. Kwangu kijana wa mashine alirudia mara tatu, akamwita mwenzake, wakaanza kuongea Kiingereza cha chinichini. Mtu akibadilisha lugha mbele yako, habari ni yako.

"Ukuta wa moyo ni milimita kumi na tatu," akasema. "Mwanamke hatakiwi kupita kumi na moja hivi."

"Hatakiwi na nani?"

Aliandika barua nikamwone daktari wa moyo Ruiru, nakala akampa kocha Maina. Maina aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaonyesha namba ya timu kwenye jezi yangu, akasema, "Mutheu, hebu vua namba kwanza."

Miaka sita nimewakimbilia. Vikombe nilivyowaletea viko kwenye kabati la kioo pale mapokezi, vinapanguswa kila Ijumaa. Vua namba kwanza.

Machi 5

Sikukimbia. Mapigo ya asubuhi, kabla sijainuka kitandani: 41 kwa dakika. Huo ndio moyo mgonjwa.

Ijumaa, Machi 7

Nimerudi kutoka Ruiru. Daktari anaitwa Firdaus, mdogo kwangu kwa umri, ana sauti ya mtu ambaye hajawahi kukimbizwa na chochote. Nilienda nikiwa nimejiandaa kugombana, akaninyima nafasi kwa kunieleza kila kitu.

Alikunja ngumi akaishika kwa mkono wa pili. "Mtu anayekimbia mbali kila siku, damu inarudi moyoni kwa wingi. Chumba kinapanuka ili kiipokee. Kikishapanuka, ukuta nao unanenepa kidogo ili uweze kuisukuma. Hiyo si kasoro, dada Mutheu, hiyo ni kazi imefanyika."

"Basi tumemaliza."

"Bado. Kuna ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao. Ukuta unanenepa wenyewe, bila kazi yoyote, unakula nafasi ya ndani, na umeme wa moyo unapotea njia. Huo ndio unaoangusha vijana uwanjani. Kuna mtu kwenu alianguka hivyo?"

Nilitaka kusema hapana. Kiilu, ndugu yangu, alianguka Gitothua katika uwanja wa shule ya msingi, Jumapili, akiwa na miaka ishirini na minne. Mpira ulikuwa umeshatoka nje. Watu walisema ni jua. Tukazika, tukakubali kwamba ni jua.

Nilimwambia. Akaandika, hakunitazama kwa huruma, nikamshukuru kimoyomoyo. Kisha akasema chumba cha moyo wangu ni kipana, milimita hamsini na nne, na hiyo ni dalili nzuri, kwa sababu ule ugonjwa kwa kawaida hubana chumba. Lakini ukuta umefika mpakani, na ndugu yangu amekufa.

"Mpaka una pande mbili," nikamwambia. "Mimi niko upande gani?"

"Sijui. Kuna picha ya mashine ya sumaku Nairobi, foleni yake ni ndefu, na huenda isimalize ubishi. Kinachoweza kuumaliza ni kupumzika. Miezi mitatu. Kama ni mazoezi yaliyoujenga huu ukuta, utapungua. Kama ni ugonjwa, utabaki vilevile. Ule ugonjwa hauendi likizo."

Miezi mitatu inaisha wiki ya kwanza ya Juni. Nilimpigia Maina simu papo hapo nikiwa kwenye ngazi za hospitali. Akasema kiwanda kitanishikia nafasi hadi mwisho wa Juni, siku moja zaidi hapana.

Sijawahi kuombwa kupigana kwa kukaa. Sawa. Nitakaa kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa Thika hii.

Machi 8

Nilipita Gitothua kumwambia mama, ambaye namwita Mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilipofika kwenye jina la Kiilu mikono ikasimama.

"Usirudi barabarani," akasema.

"Narudi Juni. Na usimwambie mtu."

Akaendelea kuchambua.

Machi 11

Mvua ya kwanza. Mapigo 42.

Machi 14

Watu wa timu walipita mbele ya kibanda changu hapa mtaa wa Landless saa kumi na mbili asubuhi wakielekea kwenye mashamba ya mananasi. Jentrix alinipungia. Nilimpungia kwa mchi.

Niandike kuhusu kibanda, maana siku hizi ndiyo maisha yangu yote. Natwanga muthokoi. Nalowesha mahindi, natwanga kwenye kinu hadi maganda yatoke, napepeta kwa uteo, naanika. Nilianza na gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, nikiwa na miaka kumi na tisa na kinu cha kuazima. Sasa hivi vibanda vya chakula vinavyopika githeri na muthokoi kutoka Makongeni hadi Ruiru vinachukua kwangu. Sikupewa na mtu. Hata hicho kinu baadaye nilikinunua.

Kwa kuwa asubuhi sina mbio, nimeongeza debe moja.

Machi 17

Mapigo 41. Daktari atashangaa.

Jumatano, Machi 19

Zainab, jirani yangu anayekaanga viazi karai mlango wa pili, alinivuta kando kabla hajawasha jiko.

"Mwenzangu, watu wanasema una moyo mbovu."

"Nani?"

"Watu. Wanasema mchi utakuangusha siku moja uingie kichwa ndani ya kinu. Yule mama wa kibanda cha stage ya matatu amesema hataki muthokoi ya mtu anayeweza kufa juu yake."

"Nikifa juu yake nitamtolea bure."

Zainab alicheka, mimi sikucheka. Nje ya hospitali barua ile waliisoma watu wawili tu: mimi na Maina. Nilifunga kibanda, nikaenda hadi uwanjani wanakofanyia mazoezi ya kasi, nikamkuta na saa yake mkononi na timu nzima imejipanga.

"Kocha," nikasema, "kama umechoka kufundisha, tafuta kazi redioni. Sauti unayo."

"Kuna nini, Mutheu?"

"Moyo wangu unauzwa Landless nzima. Muuzaji ni wewe."

"Si mimi."

"Basi barua ilijisomea yenyewe."

Jentrix alikuwa amesimama nyuma yake, amevaa namba yangu. Aliiangalia namba, akaangalia chini. Niliondoka nikitembea. Ningeweza kuondoka nikikimbia, lakini nimekatazwa.

Machi 20

Mapigo 42. Hasira haiongezi mapigo, nimegundua.

Machi 27

Mvua haikati. Muthokoi haikauki, nimeitandaza kwenye magunia chini ya bati, juu ya kitanda, juu ya meza. Chumba kinanuka kama pombe ya mtu mwingine. Wateja waliokimbia ni sita. Nimeamua kuwafuata kwa ubora: natwanga mapema zaidi, napepeta mara mbili. Debe mbili kwa siku, na mvua inanipigia makofi juu ya bati.

Ijumaa, Aprili 4

Kumi na tatu.

Nilikuwa nimeenda kwa ukaguzi wa mwezi mmoja nikiwa na mapigo yangu yote kichwani, nikayasoma kwa daktari kama mtoto anayekariri. Arobaini na mbili, arobaini na moja, arobaini na mbili. Nilidhani namwonyesha uzima. Aliendelea kutazama kioo cha mashine.

"Haujashuka hata nukta," akasema.

Kitanda cha pale kina karatasi juu yake. Niliisikia ikichanika chini ya kiganja changu.

"Basi ni ugonjwa."

"Sijasema. Umekimbia?"

"Sijakimbia hata kuvuka barabara."

"Dada Mutheu, mwezi mmoja ni mfupi, lakini mtu aliyepumzika mwezi mzima mapigo yake hayabaki arobaini na mbili. Yanaanza kupanda. Kuna kitu unafanya. Kazi yako ni ipi?"

"Nauza muthokoi."

"Unauza au unatwanga?"

"Utaiuzaje bila kuitwanga?"

"Kwa mashine?"

Hapo karibu nishuke kitandani niende zangu. "Kwa mchi," nikasema. "Kuanzia alfajiri hadi saa nne, wakati mwingine saa tano."

Akaweka kalamu chini. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. "Ile saa yako ya mazoezi, inayohesabu mapigo. Kesho ivae ukitwanga. Halafu unipigie uniambie imesema nini."

Nilimwambia atapoteza muda wake.

Jumamosi, Aprili 5

Niliivaa ili nimwaibishe. Nilimwita Zainab awe shahidi.

Dakika za kwanza saa ilisema 120. Nikamwangalia Zainab, nikainua nyusi. Jasho lilipoanza kushuka kwenye mbavu ilisema 144. Nikaacha kuinua nyusi. Nilipofika ule mwendo wangu wa kawaida, ule ambao hata siufikirii, mchi unapanda wenyewe na kushuka wenyewe, ilisema 158 na ikakaa hapo. Mia hamsini na nane ndiyo namba ninayokimbia nayo kupandisha ule mlima wa mananasi.

"Saa imeharibika," nikasema.

Nikamvalisha Zainab akiwa anageuza viazi. Themanini na nne.

"Saa iko sawa, mwenzangu," akasema. "Aliyeharibika ni wewe."

Nilikaa juu ya gunia. Mwezi mzima nimelinda moyo wangu dhidi ya barabara, na kila asubuhi nimeupeleka kambini kwa miguu yangu mwenyewe, kisha nikauongezea debe. Kwetu mazoezi ni kitu ambacho unakivalia viatu. Kutwanga ni kazi tu. Nyanya yangu alitwanga hadi mwaka aliokufa na hakuna aliyemwita mwanariadha, hakuna aliyempima, hakuna aliyempa namba. Moyo haukujua. Moyo wake ulifikiri kila siku ni mashindano.

Nilimpigia daktari. Akasema, "Basi leo ndiyo siku ya kwanza."

Siku ya kwanza. Maana yake miezi mitatu inaisha Julai. Nafasi yangu inaisha Juni.

Nimekaa na hesabu hiyo tangu mchana na haibadiliki. Ningeweza kumwomba apime Juni, baada ya miezi miwili, nijaribu bahati. Niliuliza. Alisema picha ya miezi miwili inaweza kutuacha mpakani palepale, na mimi nimechoka kuishi mpakani. Acha kiwanda kichukue nafasi yake. Sitafuti tena ruhusa ya kiwanda, natafuta kujua ninachobeba kifuani. Hicho ni changu.

Nimeegemeza mchi ukutani, kichwa chini.

Aprili 9

Nimejaribu muthokoi ya mashine kutoka mjini. Mwenye kibanda cha Makongeni alifungua gunia, hakuonja, hakugusa. "Hii ni ya mashine," akasema, akalifunga. "Mutheu, usinifanyie hivyo."

Mapigo 44.

Aprili 12

Nilifungua mlango asubuhi nikamkuta Mwaitu amesimama kwenye matope, mchi wake umefungwa kwa leso begani kama bunduki. Ametoka Gitothua na gari la kwanza.

"Nani amekuita?"

"Zainab ana simu."

"Mwaitu, una miaka sitini na tatu."

"Na nilianza kutwanga kabla mama yako hajazaliwa," akasema.

"Mama yangu ni wewe."

"Basi nyamaza ukae."

Akavua sweta. Nikakaa kwenye stuli. Kwa mtu kama mimi hakuna kiti kigumu kama hicho: kukaa huku mama yako anatwanga mahindi yako. Kila mchi ukishuka bega langu linashtuka. Aliona, akasema, "Hata bega likae."

Aprili 20, Pasaka

Mapigo 47. Mwaitu anakuja siku tano kwa wiki. Wateja wanne wamerudi. Wanasema muthokoi ni tamu kuliko ya kwanza, na hawaoni haya kuniambia mimi.

Aprili 29

Mvua. Mvua. Barabara ya nyuma imekuwa mto.

Mei 2

Mapigo 52. Daktari amefurahi kwenye simu. Mimi nimeangalia ile namba kama mtu anayeona samani zake zikitolewa nje moja moja.

Mei 6

Kilo hamsini na mbili. Sketi inanibana. Zainab anasema sasa nimekuwa mwanamke. Nilimwambia anirudishie sahani yangu aliyoazima.

Jumapili, Mei 11

Leo nimemjua mama yangu, na sijui nifanye nini na nilichokijua.

Mvua ilianza saa nane mchana ikashuka kama mtu amefungua bomba na kuondoka. Mwaitu alikuwa amekuja baada ya kanisa, hakuweza kurudi Gitothua. Maji yakaanza kuingia chini ya mlango. Tuliinua magunia pamoja, au tuseme yeye aliinua na mimi nikagombezwa kila niliposhika. Mwisho tukakaa juu ya kitanda, miguu juu, magunia kati yetu.

Labda ni uchovu. Alisema, kama mtu anayesema habari ya hali ya hewa, "Hata wale akina mama wa maombi wanauliza unaendeleaje. Walifunga siku tatu kwa ajili yako."

"Lini?"

"Machi."

"Machi lini, Mwaitu?"

Hakuhitaji kusema. Machi nilimwambia mtu mmoja, nikamwambia asiseme. Yeye akasimama mbele ya kanisa zima Gitothua akataja moyo wangu kwenye kipaza sauti, na nusu ya kanisa hilo wana ndugu Landless. Mimi nikaenda kumtukana Maina mbele ya vijana anaowafundisha.

"Ulinivua nguo mbele ya watu," nikamwambia.

"Nilikuombea."

"Uliniombea nini hasa? Wateja sita walinikimbia. Uliomba wakimbie?"

"Mutheu, usinipandishie sauti kwa sababu ya muthokoi."

"Si muthokoi. Nauliza uliomba nini."

Bati lilikuwa linapiga kelele hivi kwamba ilibidi anisogelee ili nisikie. Alikuwa na unga wa mahindi kwenye nyusi.

"Niliomba iwe ugonjwa," akasema.

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akarudia.

"Wenzangu waliomba upone. Mimi nilisema amina kwa mdomo. Moyoni niliomba iwe ni ugonjwa, ule wa kutibiwa kwa kukaa nyumbani. Daktari akisema ni ugonjwa, utavua vile viatu, utakaa hapa utwange kidogo, upike, nitakuona ukizeeka. Akisema ni mzima utarudi barabarani, na mimi kila simu ikilia nitajua ni wewe. Ile siku ya Kiilu nilikuwa nimempigia pasi jezi. Nilimpigia pasi mimi."

Sikujua hilo la jezi. Miaka tisa sikujua.

Ningemkumbatia, na mtu mwema angemkumbatia. Mimi nilisema, "Mwaitu, mimi si Kiilu. Na hata kama nina ugonjwa wake, sitakaa ndani ya nyumba nikingojea. Nitaujua kwa jina na nitaishi nao nikiutazama machoni. Lakini usiniombee ugonjwa. Mimi ndiye ninayelala na huu moyo."

"Na mimi nililala nao kabla yako," akasema. "Miezi tisa. Nilikuwa nausikia."

Maji yalifika kwenye mguu wa kitanda, yakasimama hapo, kisha taratibu yakaanza kurudi. Aliposhuka kufagia matope nilishuka pia. Hakunikataza, nami sikufagia kwa nguvu.

Mei 12

Ametwanga akinipa mgongo. Mapigo 55.

Mei 15

Nilienda kwa Maina. Alikuwa peke yake anaanua jezi kwenye ua wa uwanja kabla mvua haijarudi.

"Haikuwa wewe," nikamwambia.

"Nilikuambia."

"Ulisema mara moja. Ungesema mara mbili."

"Ungenisikia?"

"Hapana."

Akacheka kidogo, akanipa upande mmoja wa kamba ya jezi nishike. Hiyo ndiyo samahani tuliyoweza, mimi na yeye. Nilikuwa nimemwona kama mlango uliofungwa. Leo nimeona mtu aliyeshika barua asiyoweza kuisoma yote, akaogopa, akafanya lililokuwa rahisi. Bado sikubali lile la vua namba kwanza. Lakini Kiilu hakuwa na kocha wa kumvua chochote.

"Juni mwisho siwezi kusogeza," akasema. "Nimewauliza wakubwa mara mbili."

"Sijaja kuomba."

"Najua. Nakuambia tu. Ukipata karatasi safi, mkataba sina. Ila barabara si ya kiwanda."

Mei 24

Jua. Muthokoi yote iko nje, hata juu ya kibanda cha Zainab. Anasema atanidai kodi ya paa.

Juni 1

Sikukuu ya Madaraka. Mbio za nusu marathoni zilipita hapa nje. Nilikaa kwenye stuli na Mwaitu kando yangu. Jentrix alikuwa wa pili, kichwa kimeanza kuyumba, nikasikia mtu akipiga kelele "Mikono chini, Jentrix, chini" kwa sauti mbaya sana. Kumbe ni mimi. Akashusha mikono. Jioni alikuja kununua gorogoro moja akasema, "Sister, zile kilomita za mwisho nilikimbia na mdomo wako." Nilimjazia ikamwagika.

Juni 18

Mvua imekwisha, baridi imekaa. Mapigo 61. Kwenye lile daraja la kuvukia barabara kuu Mwaitu alifika juu kabla yangu, akanigojea ameshika kiuno. "Wewe ndiye mkimbiaji?" akauliza. Nilikuwa nahema, sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Huu ndio moyo wa watu wa kawaida. Siupendi.

Juni 30

Nafasi imeisha leo. Jentrix ametia sahihi. Nimekula vizuri.

Julai 3

Nimeota nakimbia. Mapigo 64 nilipoamka, kwa hiyo ndoto haihesabiwi.

Jumatatu, Julai 7

Mwaitu alisisitiza kuja Ruiru. Alivaa gauni la kanisani. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, pochi magotini, macho kwenye kioo cha mashine kana kwamba ataweza kukisoma kwa kukikazia.

Nilimtazama yeye badala ya kioo. Sijui alikuwa anaomba nini. Sikumuuliza. Midomo ilikuwa inakwenda.

Daktari Firdaus alipima. Akapima tena. Ile mara ya tatu nikasema, "Daktari, mara ya tatu ndiyo ilianzisha haya yote."

"Kumi na nusu," akasema.

"Kumi na nusu nini?" Mwaitu akauliza.

"Ukuta, mama. Ulikuwa kumi na tatu. Umerudi kumi na nusu kwa kupumzika tu. Na chumba kimerudi kidogo, hamsini na moja." Akageuza kioo tuone. Moyo wangu ulikuwa mweusi na kijivu, ukifunga na kufungua, bila haraka. "Ukuta wa ugonjwa haufanyi hivi. Huu ulijengwa kwa kazi, na kazi ilipoondoka ukabomoka."

"Naweza kukimbia?"

"Unaweza kukimbia. Utanijia kila mwaka kwa sababu ya ndugu yako, hilo silegezi. Lakini unaweza."

Nilifikiri nitapiga kelele. Nilichofanya ni kuomba tishu nijifute ile dawa kifuani, na nikajifuta kwa muda mrefu.

"Na wa Kiilu?" Mwaitu akauliza.

Daktari alimgeukia. "Wa Kiilu sikuuona, mama. Sitakudanganya. Wako naweza kuuona, hata leo, na unaweza kutuambia kitu."

Mwaitu alishika kifungo cha juu cha gauni. Nilisubiri. Kisha akakiachia. "Leo nimeacha mahindi yameloweka," akasema. "Wiki ijayo."

Nje getini alininunulia ndizi, akanimenyea kama mtoto, akanipa. "Niliomba chochote kitakachokuja nikiweze," akasema. Sikuwa nimemuuliza.

Jumatano, Julai 9

Viatu vilikuwa vimekauka vikawa kama maganda. Nilivivaa saa kumi na mbili, ukungu umekaa chini kwenye mananasi, nikaanza.

Mita mia mbili za kwanza nilikuwa malkia. Baada ya hapo mapafu yalifunguka vibaya, miguu ikawa ya mtu mwingine, na saa ikapiga 171 mahali ambapo Februari ingesema 130. Mzee mwenye baiskeli ya maziwa alinipita akanitakia siku njema. Kisha nikasikia viatu nyuma yangu, vile viatu ninavyovijua. Timu ilinipita kama maji pande zote mbili. Jentrix alinigusa bega. Maina alikuwa nyuma kwenye pikipiki, akapunguza mwendo hadi usawa wangu.

"Mutheu, hii ni spidi ya kwenda sokoni."

"Nipimie hivyohivyo."

"Umelegea kabisa."

"Moyo ni kumi na nusu, kocha. Nimeubomoa mwenyewe ili wajinga wote waamini. Sasa niache niujenge."

Alibonyeza saa yake, nikaisikia, akaenda.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeinama, mikono magotini, mate mazito mdomoni, na furaha ambayo sitaificha. Mwaitu alikuwa mlangoni. Aliniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, muda mrefu, jinsi anavyoangalia mahindi kabla ya kununua. Akaja, akaweka kiganja kifuani kwangu, akakiacha hapo hadi pumzi ikatulia.

"Unasema huu ulijengwa kwa kazi?" akauliza.

"Daktari ndiye amesema."

"Haya." Akaugeuza mchi wangu pale ukutani ulipokuwa umeegemea tangu Aprili, kichwa juu, akaniwekea mkononi. "Kuna debe mbili hapa. Mimi naenda kukaa."